Somo: Maneno ya magari ya kambi kwa anayeanza

Wanasomo, habari za leo. Wengi mnaopokea wageni huku Tanga, kuanzia Raskazone mpaka Kigombe na Pangani, mmeniomba orodha ya maneno ya magari ya kambi, yale yenye kitanda, jiko na pengine choo humo humo. Orodha sitoi. Neno ulilokariri kwenye karatasi litakukimbia siku mgeni anateremsha kioo na kukuuliza harakaharaka. Tutalizunguka gari lenyewe, kila neno tulikute kazini.

Hatua ya 1: Lijue gari

Tazama kwanza kama lina injini yake au linavutwa. Lenye injini ni motahomu, na Wamarekani huzigawa kwa herufi. Daraja A ni kama basi zima. Daraja C lina kitanda kilichojitokeza juu ya kichwa cha dereva. Daraja B ni gari la umbo la Hiace lililotengenezwa ndani, na ndilo dogo kuliko yote, kwa hiyo msifuate mpangilio wa herufi.

Linalovutwa ni karavani, au tela tu kama tulivyozoea. Lipo tela linaloegemea katikati ya bodi ya pikapu badala ya kushikwa nyuma yake. Hilo ni fifthwili, na aliyewahi kuwa tandiboi wa semi halimpi shida.

Hatua ya 2: Egesha, sawazisha

Mwenye tela atauliza kama nafasi yako ni ya kupita moja kwa moja au ya kuingia kwa rivasi. Mjibu ukweli. Kisha ataanza kuzungumzia "leveli", na ndiyo hiyo hiyo pima maji ya fundi mwashi, wengine huibandika kabisa ukutani mwa gari. Kwa tela, sawazisha kulia na kushoto kwanza, kwa kupandisha tairi juu ya vibao. Kisha tia magogo kwenye tairi. Hapo ndipo tela litenganishwe na gari, usawazishe mbele na nyuma kwa jeki ya mbele, halafu uteremshe miguu ya pembeni. Miguu hiyo inazuia kutikisika tu. Ukiitumia kunyanyulia tela, itapinda.

La kwetu wenyewe: mgeni atapenda kivuli cha mnazi, mkatalie. Nazi moja ikitua kwenye paneli ya sola, mtagombana. Na kabla ya kumruhusu kushuka mchangani, waulize wavuvi kama ni bamvua.

Hatua ya 3: Fuata maji

Hapa ndipo penye maneno mengi, na ndipo watu wanapoumbuka. Gari kubwa lina matangi matatu. La kwanza ni la maji safi. La pili wanaliita "grei", maji ya kijivu: ya sinki na ya kuogea. La tatu ni "blaki", maji meusi, yaani ya choo. Ukisikia "blaki imejaa", ujue hapo hapana mzaha.

Mgeni akiuliza "dampo steshen", hatafuti dampo la taka. Anataka mahali pa kumwagia majitaka, kwetu sisi chemba. Anaunganisha mpira, anafungua meusi kwanza, yakiisha anafungua ya kijivu ili yasafishe mpira. Mpira wa majitaka haukutani na wa maji safi hata siku moja, wala bomba la kusuuzia mpira wa choo si la kujazia tangi la kunywa. Likiwa ni moja tu kambini kwako, weka la pili kabla hujanunua viti vya bustani.

"Ful hukapu" ni nafasi yenye bomba, umeme na chemba. "Bundoking" ni kinyume chake: mtu analala bila kuunganishwa na chochote. Huyo atakuuliza maji tu, na kila lita anayojaza ni kilo moja juu ya tairi zake. Lita 150 si mchezo kwenye mchanga.

Hatua ya 4: Umeme na gesi

Ndani kuna mifumo miwili: wa betri, volti 12, unaowasha taa na pampu ya maji, na wa ukutani. Inveta hugeuza wa betri uwe kama wa ukutani. Gesi ni mtungi na regulata, ila vichwa vya mitungi hutofautiana nchi kwa nchi, kwa hiyo mtungi wake ukiisha usilazimishe regulata ya hapa.

Maswali ya wanasomo

*Shikamoo mwalimu. Mgeni analalamika friji ya gesi haipoi, na gesi ipo.*

Marahaba. Rudi hatua ya 2. Friji za aina hiyo hazina kompresa; amonia ndani yake huzunguka kwa joto na kwa kuteremka yenyewe. Gari likiinama, mzunguko unakwama. Mletee pima maji kabla ya kumwita fundi.

*Kaka, motahomu ya Kimarekani, plagi yake haiingii kwetu. Nimtafutie adapta?*

Usithubutu! Adapta inabadilisha umbo la plagi, volti zinabaki zile zile. Gari lake ni la volti 120, sisi tuna 230. Anahitaji transfoma ya kushusha. Plagi yake ya ampea 30 ni wati 3,600, kwa hiyo kitransfoma cha redio kitaungua. Gari la Ulaya au la Afrika Kusini halina tatizo hilo, nalo ni la 230.

*Mimi niko Pangani, sina chemba. Maji meusi ayamwage wapi?*

Muulize ana tangi au kaseti. Kaseti ni kidumu cha choo kinachochomolewa na kubebwa mkononi; hicho anamwaga kwenye choo chako cha shimo. Tangi linahitaji gari la majitaka, na gharama mkubaliane mapema. Muulize pia ametia dawa gani, kwa sababu zenye fomalini huua bakteria wanaofanya kazi kwenye septiki yako. Na akikuambia atamwaga kwenye mikoko usiku, mrudishie hela yake aondoke.