Jinsi nilivyojenga kijumba cha faiba cha kupakia kwenye pikapu, hapa hapa Tanga

Wakuu habari za saa hizi. Mimi kazi yangu ni kuziba boti za faiba huku Sahare, Tanga, fundi bodi wa magari siyo kabisa, ila nilichoka kulala kwenye siti kila nikienda Lushoto kwa wakwe au Pangani kuvua, nikaamua kujenga kijumba cha kulala cha kuweka nyuma ya Hilux yangu dabo kebini. Nimekijenga kwenye gereji ya nyumbani Mikanjuni, kama miezi minne, wikiendi tu. Kila nikipaki mtu anakuja kuuliza nimekiagiza wapi, sasa leo naandika yote na niliyochemka pia nayasema.

Kabla ya chochote chukua futi kamba. Pima bodi ya pikapu urefu, upana, na nafasi kati ya yale mabega ya matairi ndani ya bodi, mana sakafu ya kijumba lazima ipite hapo katikati ndo itanuke juu. Dabo kebini bodi yake ni kama mita 1.5 tu, humo mtu mzima halali akajinyoosha, kwa hiyo kitanda kinapanda juu ya kebini ya dereva. Alafu pima mlango wa gereji. Nacheka lakini pima, na ukumbuke siku ya kutoka kijumba kitakuwa juu ya gari siyo chini. Mimi nilijua mapema kwamba hakitapita kikiwa juu ya gari, nikapanga kukitoa kwa kukisukuma kwenye mabomba, kazi ya kupakia nikaifanyia uwanjani.

Jambo la pili ni uzito na hapa ndo watu wengi wanaharibu. Angalia kitabu cha gari kinasema gari lako linabeba kilo ngapi, toa abiria, toa maji (lita 20 ni kilo 20 hizo), toa mtungi wa gesi, vyombo, magodoro, hicho kilichobaki ndo kijumba chako. Changu kikiwa kitupu ni kama kilo 190. Mafundi wa mbao watakushauri mninga kwasababu ni mgumu, ni kweli mgumu, ila mzito bana, tafuta msonobari uliokauka sawasawa. Na vitu vizito kama tanki la maji viweke mbele ya ekseli ya nyuma, ukiviweka mwishoni kabisa pua ya gari inanyanyuka na stelingi inakuwa nyepesi, utajuta Mombo pale unapoanza kupanda mlima.

Fremu ni mbao za inchi 1 kwa 2, gundi na skrubu, paa lipe mgongo kidogo, sentimita 5 zinatosha, maji yasikae. Ndani ya vyumba vya fremu nimejaza staifomu kuzuia joto, alafu plaiwudi ya milimita 3 ndani na nje. Sasa sikiliza hii. Resini ya polista (ile gundi ya majimaji inayogandisha faiba) tunayotumia kwenye boti inayeyusha staifomu kama maji ya moto kwenye sukari. Najua hilo miaka yote, na bado nikaona kona moja ya nyuma nikiacha plaiwudi nipake faiba moja kwa moja juu ya staifomu nitaokoa kilo mbili, nikajidanganya nikipaka rangi ya ukutani kwanza itakinga. Haikukinga. Nimerudi baada ya chai nakuta shimo ngumi inaingia. Kwa hiyo ama ufunike staifomu yote na plaiwudi, na gundi ya kuishikilia iwe ile nyeupe ya mbao, ama ununue resini ya epoksi ambayo haili staifomu lakini bei yake uwe umejipanga.

Kona zote zipige randa na msasa ziwe mviringo. Nyuzi za kioo hazipendi kona kali, zinanyanyuka na kuacha hewa chini yake. Kona za ndani zijaze uji wa resini na unga laini wa kujazia (siyo wa kupikia), unazungusha na kijiko mpaka inakaa vizuri.

Tuje kwenye faiba yenyewe. Mimi nimetumia mati (mkeka wa nyuzi za kioo) ya gramu 300 kwa mita ya mraba, tabaka mbili nje kote, kwenye maungio na kona tabaka tatu. Eneo la nje lilikuwa kama mita za mraba 14, piga hesabu, gramu 600 mara 14 ni kilo 8.4 za mati. Resini ya mati ni kama mara mbili na nusu ya uzito wa mati, kwa hiyo kilo 21. Jumla hazifiki 30, ukiacha lile tabaka la tatu la kona. Nasisitiza hii hesabu kwasababu nimeona watu wanamwaga resini kama wanamwagia bustani wakidhani ndo inakuwa imara, kumbe nguvu iko kwenye nyuzi na resini ni gundi ya kuzishika tu, ukizidisha unapata kitu kizito ambacho kinapasuka kama sahani. Nunua mizani ya jikoni, pima mati, pima resini, usikadirie kwa macho.

Hadena (dawa ya kugandisha resini) ni asilimia 1 mpaka 2 ya uzito wa resini, yaani gramu 10 mpaka 20 kwa kilo. Kwa joto la huku mimi nakaa kwenye 1, chini ya hapo usishuke, haitaganda vizuri hata ukisubiri wiki. Changanya nusu kilo nusu kilo, kwenye beseni pana, usitumie kopo refu, resini ikirundikana inajipasha yenyewe, inatoa moshi na inaweza kushika moto. Nafanya kazi saa 12 asubuhi mpaka saa 4, baada ya hapo jua la Tanga linakuamulia. Miezi mizuri ni Juni mpaka Septemba, kusi linavuma, joto limepungua na hewa ni kavu. Usianze masika, plaiwudi inanyonya unyevu na faiba itabanduka kama ganda la yai.

Usalama nao msiuruke tafadhali. Hadena ikiingia jichoni inaweza kukupofusha, vaa miwani, na ikiingia osha na maji mengi dakika 15 kisha hospitali, usisubiri kesho. Kama resini yako imekuja na kobalti (dawa ya kuharakisha kuganda) pembeni, koroga kobalti kwenye resini kwanza, alafu ndo hadena, hizo mbili zisikutane zenyewe kabisa, zinalipuka. Milango wazi, hakuna sigara, hakuna jiko la mkaa jirani, na mamaa akikaanga samaki dirisha la pili mwambie asubiri. Siku ya kupiga msasa jipake poda ya mtoto mikononi na shingoni kabla, vumbi la kioo halitakuwasha sana, alafu oga maji ya baridi siyo ya moto.

Kulaza sasa. Paka resini nyepesi kwenye plaiwudi kwanza iinywe, ikianza kunata laza mati, tia resini kwa kugonga-gonga na brashi, usiburute kama unapaka nyumba, utavuta nyuzi. Mati ikilainika na kuwa kama imepotea, ujue imelowa, pitisha rola ya chuma yenye mistari kutoa hewa. Kingo za mati zichane kwa mkono usikate na mkasi, zilizochanwa zinapandana bila kuacha ngazi, sentimita 5 hivi. Tabaka la pili lifuate siku hiyo hiyo, ukilala nayo itabidi uikwangue na msasa kwanza ili zishikane. Tabaka la mwisho kabisa muombe muuzaji dawa yenye nta ya kuchanganya, bila hiyo uso unabaki unanata na kila mbu wa mtaa ataacha kumbukumbu hapo.

Kuna fundi aliniambia nitumie katani badala ya mati, si unajua sisi mkonge ndo nyumbani. Nilijaribu kipande kidogo, kimekaa ngumu vizuri tu, ila katani inakunywa resini nyingi mno na ikipata unyevu inavimba. Kwa kabati la ndani sawa, kwa paa hapana.

Madirisha nimechukua ya Hiace mitumba pamoja na mipira yake. Ukishakata tundu, kingo za plaiwudi zilizobaki wazi zipake resini mara mbili kabla ya kuweka chochote, maji yanaingilia hapo. Rangi nyeupe, msibishane na mimi, nyeusi mtaiva humo ndani. Kupima mvujo nilijifungia ndani na tochi, kijana wangu akamwagia maji na hozi robo saa, nikapata tone moja tu kwenye dirisha la kushoto.

Kupakia tulikuwa watu sita. Chini weka mkeka wa raba kisiteleze, na kamba zake nne za chuma za kukazia funga kwenye chesisi, usitegemee ile bati ya bodi peke yake, itakunjika. Safari ya kwanza nilisimama Pongwe nikashika nati moja moja, mbili zilikuwa zimelegea. Nikakaza. Muheza nikasimama tena, zote zimekaa, nikanunua machungwa nikaendelea.