Meza ya kazi yenye magurudumu isiyokukimbia ukipiga randa

Meza ya kazi yenye magurudumu inadaiwa mambo mawili yanayopingana: iende unapoitaka, kisha itulie kama imejengewa sakafuni. Yangu ya kwanza ilikwenda vizuri, lakini kila nilipopiga randa ilicheza huku na huku. Breki zilishika gurudumu tu. Shingo yake, yaani sehemu inayoligeuza kulia na kushoto, iliendelea kuzunguka. Ndiyo maana naanza na magurudumu, mbao baadaye.

Hatua ya 1: Magurudumu
Tafuta manne, yote ya shingo inayozunguka, yenye breki inayofunga gurudumu na shingo kwa pamoja. Kipenyo kiwe milimita 100. Ya 50 hukwama kwenye vibanzi na waya za umeme. Jumlisha uzito wa meza, vifaa na mzigo wa juu, ugawe kwa tatu, si kwa nne. Sakafu ikiwa na bonde, gurudumu moja huning'inia na matatu ndiyo hubeba.

Hatua ya 2: Kimo
Vaa viatu vya kazi, simama wima, pima kutoka sakafuni hadi kifundo cha mkono. Hicho ndicho kimo kizuri cha kupigia randa. Tuseme ni sentimita 88. Toa gurudumu pamoja na bamba lake (12.5, lakini pima la kwako), toa kiatu, yaani ubao utakaolala kati ya miguu na magurudumu (5), toa uso wa meza (3.6). Mguu unabaki 66.9. Usikate mguu wowote kabla magurudumu hayajawa mkononi mwako.

Hatua ya 3: Kukata
Plaiwudi moja ya milimita 18, yenye sentimita 244 kwa 122, ichane katikati kwa urefu. Kila nusu ikate 150 kwa 60: huo ndio uso. Masalio yatatoa rafu, vipande viwili vya 70 kwa 50.

Mbao za inchi mbili kwa nne: vipande 8 vya sentimita 66.9 vya miguu, 4 vya 140 na 5 vya 40. Inchi mbili kwa sita: vipande 2 vya sentimita 50, ndivyo viatu. Nimehesabu mbao ambazo hazijapigwa randa. Zako zikiwa nyembamba, rekebisha.

Hatua ya 4: Miguu na fremu
Gundisha vipande vya miguu viwili viwili, ubane kwa klempu hadi kesho yake. Unda fremu mbili za 140 kwa 50, ya juu na ya chini, mbao zikisimama kwa ubavu. Kipande cha tano kikae katikati ya fremu ya chini. Miguu iingie ndani ya pembe. Funga kwa bolti za milimita 10, ukizipishanisha kimo zisigongane ndani ya mguu. Napendelea bolti kuliko skrubu kwa sababu mbao ikikauka husinyaa, na nati unaweza kuikaza tena. Kabla ya kukaza kabisa, pima mishazari yote miwili, kutoka pembe hadi pembe inayoikabili. Isipolingana, fremu haiko mraba hata kama guniya (kipimo cha pembe mraba) imekuridhisha kwenye pembe moja.

Hatua ya 5: Viatu
Usifunge bamba la gurudumu moja kwa moja chini ya mguu. Skrubu iliyoingia pale nyuzi za mbao zinapoishia haishiki sana, na meza ikisukumwasukumwa hung'oka. Laza kiatu chini ya miguu miwili ya kila mwisho, kitie gundi, kikaze kwa skrubu ndefu zinazopanda kwenye mbao za fremu. Magurudumu sasa yafungwe kwenye kiatu, kila moja chini ya mguu wake, kwa skrubu nene za milimita 8. Tangulia na keekee, ubao usipasuke.

Hatua ya 6: Uso na rafu
Gundisha plaiwudi mbili pamoja, uzikaze kwenye fremu kwa vyuma vya pembe kutokea chini, ili patasi isikutane na chuma. Uso uchomoze sentimita 5 pande zote, klempu zipate pa kushika. Rafu ikate pembe kupisha miguu, kisha weka vitu vizito hapo. Meza nyembamba yenye mzigo juu tu hupinduka ukiisukuma.

Funga breki, upige randa ubao mgumu kwa nguvu zako zote. Ikisogea hata kidogo, weka kipande cha gogo chini ya kila kiatu na upigilie kabari juu yake, mpaka gurudumu lizunguke kwa kidole breki ikiwa wazi.