SOMO: Kuosha injini ya gari nyumbani bila kuisababishia misi (silinda kukosa kuchoma petroli, gari ikatetemeka)

Wakuu, swali la "injini inaoshwa kwa maji?" linajibiwa leo, kesho linaulizwa tena. Naweka jibu lote hapa, atakayeuliza aelekezwe huku.

Inaoshwa. Injini inavumilia mvua na madimbwi miaka yote. Isichovumilia ni maji ya presha, maji baridi juu ya chuma cha moto, na maji yanayotuama kwenye mashimo ya plagi. Somo hili ni la magari ya petroli yaliyojaa barabarani kwetu: IST, Vitz, Spacio, Premio, Allion, RAV4. Mwenye haibridi (gari la petroli na umeme, kama Prius) asome kwanza maswali ya chini kabla ya kushika ndoo.

Vifaa: mpira wa maji au chupa ya kupulizia ya bustani, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, brashi ya rangi ya inchi 2, mswaki mkuukuu, nailoni ya kupimwa kwa mita kutoka duka la vifaa vya ujenzi, tepu, vitambaa vikavu vya kutosha, spana namba 10, glavu. Kompresa ya upepo ukiipata kwa kuazima, bora zaidi.

1. Egesha kivulini. Tandika maboksi na maranda chini ya injini. Maji yenye oili hayafai kuingia kisimani wala kwenye mtaro wa mtaa.

2. Acha injini ipoe mpaka uweze kuweka kiganja juu ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) na kukiacha hapo. Kwa kawaida ni dakika 30 hadi 45 baada ya kuzima. Uvuguvugu unasaidia grisi kulainika. Moto ni hasara. Eksozi manifoldi (bomba la moshi lililoshikana na injini) ya moto ikimwagiwa maji baridi inaweza kupasuka, na sensa ya oksijeni ina kauri ndani yake, nayo hupasuka vilevile. Lipo na lisilosemwa sana: soketi ya waya ikiwa na joto ina hewa ya moto ndani. Ukiipiga maji baridi, hewa ile inasinyaa na kuvuta maji kupitia mpira uliochoka. Ndiyo maana gari iliyooshwa "kidogo tu" ikitoka safarini inaanza vituko jioni.

3. Toa majani makavu, hasa chini ya kioo cha mbele. Usipoyatoa yataziba mifereji.

4. Fungua waya hasi wa betri (spana namba 10), uuweke pembeni usiguse nguzo.

5. Funika alteneta, yaani kinachochaji betri (kwenye injini ya Toyota aina ya 1NZ iko mbele, upande wa mikanda, mahali pa kwanza maji yanapofika), boksi la fyuzi, mdomo wa filta ya hewa na sensa yake. Hakikisha kifuniko cha oili na stiki ya kupimia oili vimekaa sawasawa.

6. Mashimo ya plagi. Hatua hii isome mara mbili.

Kwenye injini za 1NZ, 1ZZ na nyingine zenye koili (kinachoipa plagi umeme) juu ya plagi, kila koili inaziba shimo refu kuliko kidole chako. Kinachozuia maji ni mpira ulio shingoni mwa koili, na mpira huo ukipigwa na joto miaka 15 unakuwa mgumu na kupasuka. Maji yakishaingia hayatoki. Umeme badala ya kuruka kwenye ncha ya plagi unateremka kwa nje ya kauri na kuishia ukutani mwa shimo. Silinda hiyo haichomi, gari inamisi. Maji yakiwa machache unaweza usione kitu siku ile. Plagi inaota kutu taratibu, na siku ya kuibadilisha inakatikia ndani.

Kwa hiyo, ondoa kava la plastiki la juu, angalia mipira yote minne kwa tochi. Ikiwa imepasuka, juu ya injini usimwage maji kabisa, futa kwa kitambaa chenye unyevu. Ikiwa mizima, funika safu yote ya koili kwa nailoni na ubane kingo kwa tepu. Hata hivyo usielekeze maji hapo.

ONYO: Usitoe koili "zisilowe". Shimo lililo wazi ni baya kuliko koili iliyolowa.

ONYO: Maji yakiingia, toa koili lakini USILEGEZE plagi kabla shimo halijakauka. Puliza upepo, au zungushia kitambaa kwenye kijiti ukanyonye maji mpaka kitoke kikavu. Ukiilegeza mapema, maji na mchanga vinashuka moja kwa moja ndani ya silinda.

ONYO: Soketi ya koili usiivute kwa waya. Klipu za plastiki za umri huu zinakatika kama biskuti. Bonyeza, tikisa, ndipo uvute. Wakati wa kurudisha, bolti ya koili ikaze kwa nguvu ya kifundo cha mkono tu, kwa sababu nyuzi zake za kukazia ziko kwenye aluminiamu.

7. Vijiko viwili vya chakula vya sabuni kwenye lita 5 za maji. Paka kwa brashi kuanzia chini kwenda juu, mswaki uingie kwenye kona. Acha dakika 3 hadi 5, isikauke. Penye grisi nene rudia, usiongeze ukali. Dawa zenye kostiki soda zinaifanya aluminiamu iwe nyeusi, na weusi huo hautoki kirahisi.

8. Suuza kwa maji ya mpira yanayotiririka bila nguvu, kuanzia juu kwenda chini. Mashine ya presha usitumie.

9. Toa nailoni ZOTE na uzihesabu. Moja ikibaki karibu na mikanda au feni utaijua ukiwasha. Futa, puliza soketi kwa upepo, acha boneti wazi saa moja au mbili.

10. Rudisha waya wa betri, washa, acha inguruma dakika 10 bila kukanyaga mafuta. Sailensa (mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama) inaweza kupanda na kushuka mwanzoni kwa sababu kompyuta inajipanga upya baada ya kukosa umeme. Ikitulia, zunguka mtaani kidogo.

MASWALI

Mwenye IST: Jana wameniosha injini kwa presha, leo inatetemeka na taa ya injini inawaka na kuzima. Naweza kwenda nayo kazini kwanza?

Jibu: Hapana, zima sasa. Taa ikipepesa maana yake petroli isiyochomwa inakwenda kwenye masega (kisafishio cha moshi ndani ya eksozi) na kuwakia humo, na masega ni ghali kuliko koili zote nne. Isome kwa mashine ya kusomea makosa ya gari: kodi P0301 hadi P0304 inakutajia silinda. Kisha fuata onyo la pili la hatua ya 6.

Mdau wa Mwanza: Mkuu, mimi natumia presha ila nasimama mbali. Si inafaa?

Jibu: Hatua ya 8.

Mdau wa Mwanza: Nimeuliza vizuri tu mkuu.

Jibu: Nami nimeijibu kwenye somo, ndugu yangu. Umbali unapunguza nguvu, lakini ukisogea hatua moja bila kujua inarudi yote. Ukiwa na bomba la kawaida, presha ya nini?

Dada wa Premio: Naomba kuelewa. Mvua inanyesha siku nzima na gari haimisi. Tofauti na ndoo ya maji ni nini hasa?

Jibu: Swali zuri dada. Mvua inaishia kwenye boneti, na maji ya barabarani yanaruka kutoka chini kama matone, yakiwa yamepunguzwa nguvu na kava za chini. Mipira ya soketi imeundwa kuzuia hayo. Ndoo inamwaga kutoka juu, kule kulikoachwa bila kinga kwa sababu boneti ndiyo paa. Maji ya bomba nyumbani ni bar chache tu. Mashine ndogo ya presha inafika bar 100 na kuzidi. Nguvu hiyo inainua mdomo wa mpira, maji yanapenya, kisha mpira unarudi na kuyafungia ndani. Soketi kwa nje unaiona kavu, ndani pini zinaota ukijani.

Mwenye Noah: Fundi wangu anaosha kwa mafuta ya taa, inang'aa kweli.

Jibu: Inang'aa siku mbili. Mafuta ya taa yanaacha utando unaoshika vumbi, na yanavimbisha mipira ya maji ya rejeta. Mvuke wake unaweza kushika moto kuanzia nyuzi 38 hivi, na eksozi iko palepale. Petroli ndiyo usithubutu kabisa.

Mwenye Corolla 110: Yangu ina injini ya 5A, haina koili juu.

Jibu: Yako ina distributa (kinachogawa umeme kwenda kwenye plagi kwa waya). Ifunike kwa nailoni na tepu kabla ya chochote. Ikigoma kuwaka baada ya kuosha, fungua kofia yake, futa ndani na kaboni kwa kitambaa kikavu, rudisha. Waya za plagi nazo kagua usiku injini ikiwaka: ukiona cheche za bluu nje ya waya, badilisha seti nzima.

Mwenye Prius: Sisi je?

Jibu: Futa kwa kitambaa chenye unyevu, maji usimwage. Waya za rangi ya chungwa zinabeba umeme wa betri kubwa, volti zaidi ya 200, na inverta (kifaa kinachobadilisha umeme huo kwa ajili ya mota) inaupandisha juu zaidi. Kutoa betri ndogo ya volti 12 hakukupi ruhusa ya kufungua wala kulowesha huko.

Mdau wa Tanga: Yangu inavuja oili, kila nikiosha sijui inatokea wapi.

Jibu: Hapo kuosha ndiyo kipimo chenyewe. Osha, kausha kabisa, kisha pulizia poda ya mtoto kuzunguka mwili wa injini, ila isikaribie mdomo wa filta. Endesha kilomita 10, zima, angalia kwa tochi. Oili inachora mstari kwenye poda. Anza juu kwenye gasketi ya tapeti kava, kwa sababu oili inateremka na mara nyingi watu wanabadilisha sili ya chini bure.

Dada wa Premio: Asante sana. Na ule unga mweupe kwenye vichwa vya betri?

Jibu: Toa hasi kwanza, halafu chanya. Vaa glavu, unga ule unaunguza. Mwagia maji ya moto kidogo kidogo mpaka uishe, sugua kwa mswaki, kausha, funga chanya kwanza, hasi mwisho. Paka grisi kwa nje baada ya kukaza. Unga ukirudi baada ya wiki chache, kapimishe chaji ya alteneta.