Namna ya kuingia kwenye mjadala wa bunduki za Marekani bila kupotea njiani

Risasi zikilia tu kwenye shule fulani kule Marekani, siku hiyohiyo ubishi unaanza upya, huyu anasema wapige marufuku bunduki zote yaishe, yule anasema hiyo ni haki yao ya katiba huwezi kuigusa, na kabla jua halijazama watu washatukanana na hakuna aliyejifunza kitu. Nimeufuatilia huu mjadala miaka mingi na kinachoniuma ni kwamba watu wengi wanabishana bila kujua wanabishania nini hasa. Bunduki ipi? Iko mikononi mwa nani? Na kifo unachotaka kukizuia ni kipi? Ukiwa na hayo maswali matatu mkononi utaenda mbali, mengine yote nitakayosema hapa yanazunguka hapohapo.

Anza na sentensi yenyewe ya katiba kabla ya kumsikiliza mtu yeyote. Marekebisho ya Pili ya Katiba yalipitishwa 1791, ni sentensi moja tu, kwa Kiingereza ina maneno 27. Nusu ya kwanza inasema wanamgambo waliopangwa vizuri ni wa lazima kwa usalama wa dola huru, nusu ya pili inasema haki ya watu kuweka na kubeba silaha haitavunjwa. Isome mara mbili tatu taratibu. Ugomvi wote umezaliwa kwenye ile mkato ya katikati, maana upande mmoja unasema haki hiyo ni kwa ajili ya wanamgambo tu, kwahiyo kama siku hizi hakuna wanamgambo wa namna ile basi serikali ina uhuru wa kuweka masharti, na upande wa pili unasema wanamgambo ni utangulizi tu, neno zito pale ni "watu", yaani kila raia.

Sasa hapa ndo watu wengi wanapotoka nje ya reli, wanabishana kana kwamba swali hilo halijajibiwa. Limejibiwa, ulipende jibu au usilipende. Mwaka 2008 kwenye kesi ya Heller, Mahakama ya Juu ilisema kwa kura 5 kwa 4 kwamba haki ni ya mtu binafsi na ana ruhusa ya kuwa na bastola nyumbani kwake kwa kujihami. Miaka miwili baadae, 2010, kesi ya McDonald ikasema majimbo na miji nayo inabanwa na hiyo haki, sio serikali kuu peke yake. Ila usiishie hapo kama wanavyofanya wengi, maana Jaji Scalia aliyeandika hukumu ya Heller aliandika humohumo kwamba haki hii ina mipaka, na kwamba katazo la silaha kwa waliopatikana na hatia za jinai kubwa, au kubeba silaha shuleni na kwenye majengo ya serikali, halikuguswa. Kwahiyo anayekwambia katiba inakataza sheria yoyote ya bunduki hajaisoma hukumu, na anayekwambia haki ni ya wanamgambo tu amepitwa, hiyo leo ni hoja ya majaji walioshindwa, ni hoja nzito kweli lakini sio sheria.

Halafu kuna kesi ya Bruen ya 2022, hii usiipite haraka maana ndo imebadilisha mchezo mzima. Mahakama kwa kura 6 kwa 3 iliiangusha sheria ya New York yenye zaidi ya miaka 100 iliyomtaka mtu aonyeshe sababu maalum ndo apewe kibali cha kutembea na bastola, na ikasema kuanzia sasa sheria ya bunduki ikipingwa, serikali ionyeshe inafanana na desturi za zamani za nchi. Mahakama za chini zikaanza kuchimba sheria za miaka ya 1700 na 1800. Mi naona kipimo hicho ni kibaya, kwa sababu watu wa 1791 hawakuwa na bastola ya kumimina risasi 15 bila kujaza tena, na hata majaji wenyewe ilibidi wakilegeze 2024 kwenye kesi ya Rahimi, waliposema mtu aliyewekewa amri ya mahakama kwa kumtishia mwenza wake anaweza kunyang'anywa bunduki hata kama miaka ile hapakuwa na sheria inayofanana nayo kama pacha. Kura zilikuwa 8 kwa 1. Aliyepinga ni Jaji Thomas, yuleyule aliyeandika Bruen.

Baada ya katiba, jifunze bunduki zenyewe hata kama huzipendi, mi mwenyewe sizipendi. Rashasha ni ile ukibana triga mara moja inamimina risasi mpaka uachie. Nusu otomatiki ni kila ukibana inatoka moja, unabana tena. Hizi AR-15 unazozisikia kila siku kwenye habari, zile zinazouzwa kwa raia ni nusu otomatiki, na herufi AR ni za jina la kampuni ya ArmaLite iliyoitengeneza mwanzo. Rashasha zimebanwa na sheria ya shirikisho, yaani ya serikali kuu, tangu 1934 na mpya haziuzwi kwa raia tangu 1986. Nakusisitizia hili kwa sababu ukisema tu "wanauza rashasha dukani kama mikate" yule mwenye bunduki unayetaka akusikilize anaziba masikio palepale, na hana kosa kuziba. Hata marufuku ya silaha za mtindo wa kivita iliyodumu 1994 mpaka 2004 iliumia kwa sababu hii, sehemu kubwa ilitambua bunduki kwa vitu vya nje kama kitako cha kukunja na mshiko wa bastola, viwanda vikavitoa hivyo vitu na kuendelea kuuza bunduki ileile. Kipande kilichokuwa na maana zaidi kwa maoni yangu ni kile cha kuzuia magazini mpya, yaani visanduku vya risasi vya kwenye bunduki, za zaidi ya risasi 10, na ndicho watu wanakitaja mara chache.

Sasa vifo, na naomba hapa upunguze mwendo. Mwaka 2021 walikufa kwa risasi Marekani watu zaidi ya 48,000, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Soma tena. Sio shule, sio majambazi, ni mtu yuko peke yake na bastola ya nyumbani. Mauaji ya watu wengi kwa mpigo yanatuvunja moyo na yanastahili kilio chote, lakini kwa hesabu ni sehemu ndogo sana, na hata kwenye mauaji ya kawaida silaha inayotumika zaidi ni bastola, sio zile bunduki ndefu za kwenye picha. Anayejaribu kujiua kwa bunduki anakufa karibu mara 9 kati ya 10, njia nyingine nyingi haziko hivyo, na wengi wa waliookolewa hawaji kufa kwa kujiua baadae. Kwahiyo mtu akikuuliza sheria ipi inasaidia, mrudishie swali, inasaidia kifo kipi? Kufungia bunduki kwenye kabati la chuma na kusubiri siku kadhaa kabla ya kuichukua dukani kunamgusa mtu aliye kwenye giza la siku moja. Kupiga marufuku AR-15 hakumgusi. Na ukiwa unawaza shule ya Uvalde kule Texas au tamasha la muziki la Las Vegas, walikopigwa risasi watu wengi kwa mpigo, kule magazini na aina ya bunduki vina uzito kweli. Ukivichanganya utabishana usiku kucha.

Angalia pia sheria unayoijadili ni ya nani. Serikali kuu inaweka kiwango cha chini, majimbo yanaongeza au hayaongezi. Duka lenye leseni lazima limjazishe mnunuzi fomu na kukagua rekodi zake kwenye mfumo wa FBI ulioanza 1998, lakini mtu binafsi anayemuuzia mwenzie ndani ya jimbo moja sheria ya shirikisho haimlazimishi kukagua, California inamlazimisha, Texas haimlazimishi. California unasubiri siku 10 baada ya kununua, Texas tangu 2021 mtu mzima asiye na kizuizi anabeba bastola bila kibali. Kwahiyo sentensi inayoanza na "Marekani sheria inasema" ishuku kwanza. Kuna na mlango mwingine ndani ya huohuo ukaguzi, jibu likichelewa siku tatu za kazi duka linaruhusiwa kuuza, na ndivyo aliyeua watu 9 kanisani Charleston mwaka 2015 alivyopata bastola yake. Mimi hilo halinipi usingizi.

Ukifika kwa watu wenyewe, sikiliza hofu kabla ya hoja. Mtu anayeishi shambani mbali, polisi wanafika baada ya dakika 40, huyo ukimwambia piga simu polisi umemtukana. Mzee Otis McDonald wa Chicago, yule wa kesi ya McDonald ya 2010, alikuwa mzee mweusi aliyechoka kuvamiwa nyumbani kwake. Na Wamarekani weusi wana kumbukumbu yao, California ilipokataza kutembea hadharani na bunduki yenye risasi mwaka 1967 ilikuwa ni baada ya Black Panthers, kundi la wanaharakati weusi, kuanza kuzunguka nazo wakiwafuatilia polisi, na gavana aliyesaini alikuwa Ronald Reagan. Ukimdhania kila mtetezi wa bunduki ni mzungu mwenye kofia utapishana na nusu ya historia. Na upande wa pili kuna wazazi wa shule ya Sandy Hook, walikouawa watoto 20 wa miaka 6 na 7, Desemba 2012. Usimwambie mtu wa namna hiyo habari ya takwimu.

Kuhusu mifano ya nchi nyingine, itumie kwa uangalifu. Australia baada ya watu 35 kuuawa Port Arthur 1996 ilinunua na kuharibu bunduki kama 650,000, kazi nzuri, naisifu. Ila Marekani inakadiriwa raia wana bunduki karibu milioni 400, zaidi ya idadi ya watu, na Australia haikuwa na kifungu cha katiba mbele yake. Ukiitaja, taja na hayo.

La mwisho, jifunze kuhesabu kura za Seneti. Miezi minne baada ya Sandy Hook, pendekezo la kupanua ukaguzi wa wanunuzi lilipata kura 54 na likafa, zilihitajika 60. Mwaka 2022 baada ya Uvalde, Chris Murphy, Mdemokrati wa Connecticut, alikaa mezani na John Cornyn, Mrepublican wa Texas, wakaacha kugombania AR-15 na kuuliza tu ni nini kila mmoja anaweza kukubali bila kufukuzwa na watu wake. Wakapata ukaguzi mzito zaidi kwa mnunuzi wa chini ya miaka 21, pesa kwa majimbo yenye sheria za kumnyang'anya silaha kwa muda mtu aliye hatarini, na katazo kwa aliyehukumiwa kumpiga mpenzi wake hata kama hawajaoana wala hawaishi pamoja. Ilipita 65 kwa 33, na Warepublican 15 waliiunga mkono. Kwahiyo ukikaa na mtu mnayepingana, muulize swali hilohilo la Murphy na Cornyn, kitu gani kimoja anaweza kukikubali, halafu na wewe uwe tayari kusema chako.