Kumtafuta Babu Aliyeandikwa Bila Jina

Mkwe wangu ni Mmarekani Mweusi, kwao Virginia. Wajukuu wamezaliwa hapa Kisauni, Mombasa, na huku kwetu mtoto huulizwa mapema: wewe ni wa nani? Upande wa mama naujibia mimi. Sisi ni watu wa Frere Town, vizazi vya watumwa walioachwa huru wakapewa makao na wamishenari Waingereza wa CMS (Church Missionary Society) kuanzia 1875, wengi wakabatizwa majina mapya. Kutafuta mtu aliyebadilishwa jina nakujua. Upande wa baba tunautafuta hivi.

Anza na walio hai. Mpigie shangazi mkubwa ukishasikia adhana ya magharibi. Kwao ndiyo kwanza adhuhuri inakaribia. Muulize wazee wamezikwa wapi, walisali kanisa gani, na zaidi ya yote, kaunti gani. Wosia na hati za ardhi Virginia hukaa mahakama za kaunti.

Kisha fungua akaunti FamilySearch, tovuti ya kumbukumbu za ukoo, ni bure. Rudi nyuma sensa baada ya sensa, miaka 10 kila moja, isipokuwa ya 1890 ambayo karibu yote ilipotea baada ya moto wa Washington mwaka 1921. Yasome majina kwa sauti, maana karani aliandika alivyosikia. Sensa ya 1880 inataja nani ni nani kwa mwenye nyumba. Ya 1870 haitaji, basi usimwite mwanamke mke wa mtu mpaka upate karatasi nyingine.

Kabla ya 1870 wengi hukwama. Katika daftari za watumwa za sensa za 1850 na 1860 utakuta jina la bwana, na chini yake umri, jinsia na rangi tu. Mtu mzima, mama wa watu, ni mstari usio na jina. Inauma sana, lakini usifunge daftari.

Kuanzia hapo mtafute bwana, na usimkisie kwa jina la ukoo, kwani wengi walioachwa huru hawakuchukua jina la bwana wao wa mwisho. Tazama fomu za Freedman's, benki ya walioachwa huru, 1865 hadi 1874: baadhi zinataja wazazi, ndugu na bwana wa zamani. Tazama mikataba ya kazi ya Freedmen's Bureau, ofisi ya serikali iliyowasaidia walioachwa huru. Virginia ina pia rejista za 1866 za wanandoa waliokuwa watumwa, zilizobaki kwa baadhi ya kaunti.

Ukishampata bwana, fuata mali yake. Soma wosia na orodha ya mali iliyoandikwa alipokufa. Humo watu wametajwa kwa majina, na bei, kando ya ng'ombe na vitanda. Angalia binti yupi wa bwana alirithi mtumwa yupi, kisha mfuate binti huyo mpaka kwa mumewe, maana familia zilivunjwa kwenye mgawo huo. Mimi naamini karatasi hizi kuliko mti wowote wa ukoo uliochorwa na mtu mwingine mtandaoni. Kila jina liandikie kaunti, kitabu na ukurasa.

Kaunti kadhaa za Virginia zilichomewa kumbukumbu wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ikiwa yako ni mojawapo, nenda kwenye daftari za kodi ya mali zinazoanzia 1782, ambazo nakala zake zimo katika Maktaba ya Virginia, Richmond. Baadhi ya zile za miaka ya 1780 zinawataja watumwa kwa majina.