Kupima umbali wa angani kutoka Mwanza hadi Guangzhou

Anayetoka Mwanza kufuata mzigo Guangzhou hana haja ya kukisia umbali. Kikokotoo cha simu kinatosha, mradi kiwe na sin na cos. Simu nyingi huonyesha vitufe hivyo ukiilaza. Kabla ya yote piga cos 60. Jibu lazima liwe 0.5. Likitoka −0.952 kikokotoo kiko kwenye radiani (kipimo kingine cha pembe), kibadilishe kiwe DEG, yaani digrii, la sivyo kila kitakachofuata ni upuuzi.

Uwanja wa Mwanza (MWZ), pale Ilemela, uko latitudo 2.44 Kusini, longitudo 32.93 Mashariki. Ule wa Guangzhou (CAN) uko 23.39 Kaskazini, 113.30 Mashariki. Kusini na Magharibi huwekewa alama ya kutoa, kwa hiyo latitudo ya Mwanza ni −2.44. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: ukiisahau alama hiyo, umeuhamishia uwanja kaskazini ya Ikweta, na jibu litapungua kilomita 220 hivi. Ramani nyingine huandika digrii na dakika, 32°56′. Hiyo si 32.56. Gawa 56 kwa 60 upate 0.93, ukikosea, uwanja unahamia magharibi kilomita 41, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza.

Kanuni ni hii, A na B zikiwa latitudo za viwanja viwili, L tofauti ya longitudo na D umbali kwa digrii:

cos D = (sin A × sin B) + (cos A × cos B × cos L)

L ni 113.30 − 32.93 = 80.37. Sehemu ya kwanza inatoa −0.0169, ya pili 0.1534, jumla 0.1365. Bonyeza cos⁻¹ upate D, nyuzi (digrii) 82.15. Kila uzi mmoja wa mzingo wa dunia ni kilomita 111.2, hivyo zidisha: kilomita 9,135. Dunia si duara kamili, kwa hiyo ruhusu kosa la hadi nusu asilimia.

Usipige rula kwenye ramani ya ukutani. Ukichukulia nyuzi kama miraba iliyo sawa utapata karibu 9,390, kwa sababu mistari ya longitudo husogeleana kadiri unavyokwenda kaskazini. Kama kuna tufe la darasani la kipenyo cha sentimita 30, vuta uzi wa kushonea kutoka Mwanza hadi Guangzhou na uukaze. Utapita Somalia karibu na Mogadishu, ukate Bahari ya Hindi, uingie India ya kusini, kisha Ghuba ya Bengal na Myanmar. Sentimita moja hapo ni kilomita 425. Uzi utafika 21.5.

Ila tiketi haifuati uzi huo. Ukiunganisha Dar es Salaam, piga hesabu kila kipande peke yake: Mwanza–Dar 850, Dar–Guangzhou 8,710, jumla 9,560. Kwa muda, gawa kila kipande kwa 900, kasi ya ndege kwa kilomita kwa saa, na uongeze nusu saa ya kuruka na kutua. Kipande kirefu kinakuwa saa kumi na dakika kumi hivi, bila kuhesabu kusubiri Dar. Saa zilizochapwa kwenye tiketi ni za mahali husika, na Guangzhou iko mbele kwa saa 5. Ziondoe hizo 5 kwenye saa ya kufika Guangzhou kwanza ndipo ulinganishe.