Kupima ndege na mimea kwenye tundra ya Alaska, hatua kwa hatua

Nazungumzia tundra, yaani nyanda za baridi zisizo na miti, ya Utqiaġvik, ncha ya kaskazini ya Alaska, ambako jua halizami tangu takriban tarehe 10 Mei hadi mwanzoni mwa Agosti. Ndege hutaga theluji inapoanza kuyeyuka, mwanzoni mwa Juni. Ukichelewa wiki moja, viota vingi vitakuwa vimeshaliwa na mbweha na hutajua kama vilikuwepo.

Hatua ya 1: Kibali na ploti. Nchini Marekani ndege wahamao wanalindwa na sheria ya mwaka 1918, kwa hiyo huruhusiwi kugusa yai bila kibali. Omba pia ruhusa ya Wainupiat, wenyeji wenye ardhi. Kisha pima ploti, yaani eneo la utafiti, ya mita 400 kwa 400, upigilie vigingi na kuviingiza kwenye GPS. Vaa gambuti, na mmoja wenu awe macho kwa ajili ya dubu mweupe.

Hatua ya 2: Tafuta viota. Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Usitembee umeinamisha kichwa ukisaka mayai. Yana madoadoa ya rangi ya majani makavu, na utayakanyaga kabla hujayaona. Mfuate ndege kwa macho. Chamchanga akichomoka karibu na miguu yako na kujiburuza kama aliyevunjika bawa, simama. Rudi nyuma hatua 40, keti, shika darubini, tulia. Atazungukazunguka, atadonoadonoa kama anayekula, halafu atakimbia moja kwa moja na kutoweka kwenye nyasi. Hapo ameketi. Kariri kitu kilicho karibu naye, labda kishungi cheupe cha nyasi kinachofanana na pamba, kisha nenda bila kuondoa macho. Utakuta mayai manne kwenye kishimo kidogo, ncha zote zimeelekea katikati.

Kwa wale wasioruka hadi uwafikie kabisa, watu wawili wavute kamba ndefu juu ya nyasi, na wa tatu afuate nyuma akiangalia anayeruka.

Hatua ya 3: Kadiria umri wa mayai. Litumbukize yai kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu. Likilala chini, limetagwa karibuni. Likisimama wima, limeatamiwa siku kadhaa. Likielea na upande wake butu ukatokeza juu ya maji, hewa imeongezeka ndani na kifaranga yu karibu. Lipanguse, ulirudishe lilivyokuwa. Mayai mawili yanatosha, maana baridi haisubiri. Kijiti cha alama kiweke mita kadhaa kutoka kiotani, na uondoke kwa kupitiliza mbele ili harufu yako isiishie kwenye mayai.

Hatua ya 4: Mimea. Ngoja mwishoni mwa Julai, majani yakishakomaa. Tandika fremu ya mita 1 kwa 1 yenye nyuzi zinazokatana mara 100. Kwenye kila makutano shusha kijiti chembamba na uandike kila kinachoguswa kuanzia juu hadi chini: nyasi, mierebi mifupi, kuvumwani, likeni. Kanyaga mbao, si ardhi, kwani alama ya buti hudumu miaka. Pembeni choma ardhini ufito wa chuma hadi ugote kwenye udongo ulioganda, uandike kina cha udongo ulioyeyuka.

Hatua ya 5: Andika siku hiyo hiyo. Ploti isiyo na kiota andika sifuri, pamoja na saa mlizotafuta na idadi ya watu. Bila hayo, sifuri yako haiwezi kulinganishwa na ya mwakani.